Niliyowaambia vijana wetu kuhusu kufundisha Kiingereza Mokpo

Wazazi wangu mliokaa pale mbele, shikamooni. Na nyinyi wenzangu na wadogo zangu mlioko nyuma karibu na mlango, hamjambo. Nimeombwa niongee kuhusu Korea na nimeona hapa kuna vijana kama kumi hivi wamemaliza koleji ama wako mwaka wa mwisho, na wanne kati yao washaniuliza lile swali moja tangu niingie, ati dada hiyo kazi ya kufundisha Kiingereza Korea ni ya kweli? Ni ya kweli. Niliifanya miaka miwili, kuanzia Agosti 2016 mpaka Agosti 2018, kule Mokpo, na leo nataka niwaambie mwende, ila msikimbilie Seoul, ombeni mji mdogo, na mkienda msiuache Uswahili wenu hapa Minneapolis mkidhani kule unahitajika Umarekani peke yake.

Mokpo iko wapi. Shika ramani ya Korea Kusini, shuka chini kabisa kona ya kushoto, pale reli ya Honam inapoishia. Kutoka Seoul kwa treni ya kasi, ile KTX, ni kama masaa mawili na nusu. Ni mji wa bandari, bandari yenyewe ilifunguliwa kwa wageni mwaka 1897, una watu laki 2 na kitu, na kwa Korea huo ni mji mdogo kabisa. Katikati kuna mlima Yudal, mita 228 tu, ukipanda juu jioni unaona visiwa vimetapakaa baharini hadi macho yachoke. Rais Kim Dae-jung, yule aliyepewa Nobel ya Amani mwaka 2000, alizaliwa kwenye kisiwa kimoja hapo jirani kinaitwa Haui na akasoma Mokpo, na wazee wa mji wanajivunia hilo vile sisi tunavyojivunia watu wetu.

Kabla sijaenda mbali niseme hili la pasipoti, manake najua wengi wenu mna ndugu nyumbani na kuna watu wanawala pesa zao. Viza ya kufundisha Kiingereza Korea inaitwa E-2 na wakati wangu ilikuwa inatolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kwa hiyo wewe uliyeapishwa uraia hapa unaweza. Lakini binamu yako aliye Kilifi ama Tanga na pasipoti ya Kenya ama ya Tanzania, hata awe anaongea Kiingereza kushinda sisi sote hapa, hiyo viza wakati wangu alikuwa hapati, na wakala anayemwambia atoe laki mbili za Kenya ampeleke Korea akawe mwalimu wa Kiingereza ni mwizi. Wallahi mwambieni leo leo mkitoka hapa. Hata ule mpango wao wa wafanyakazi wa viwandani, EPS, nchi zilizomo ni za Asia. Yule wa nyumbani njia yake ni masomo, kuna skolashipu ya serikali ya Korea inaitwa GKS, ni ya kweli na Waafrika wanaipata kila mwaka, na huko hakuna wakala wa kulipwa.

Sasa mimi. Nilizaliwa Gongoni, pale juu ya Malindi kwenye mashamba ya chumvi, nikaja hapa na miaka kumi na moja. Hiyo ilinisaidia, kwasababu EPIK, ule mpango wa serikali wa walimu wa shule za umma ambao uko tangu 1995, kama hukuzaliwa hapa wanataka uwe umesoma hapa kuanzia gredi ya saba na umeishi miaka kumi. Lakini kabla ya EPIK nilijaribu zile shule za binafsi za jioni, wanaziita hagwon. Kuna moja ya Seoul, jina sitalitaja, walinipigia simu, tukaongea dakika arubaini, wakafurahi, wakasema lafudhi yangu ndio hasa wanayoitafuta, wakaomba nitume picha. Nikatuma. Wakanyamaza. Nikaandika mara tatu, kimya. Nawaambia hivi ili ikikupata usije ukakaa chumbani ukifikiria umekosea nini kwenye intavyu. Hukukosea kitu. Ni picha.

Basi EPIK wakanichukua. Mkoa ndio unaokupangia, wengi wanaandika Seoul, wanaandika Busan, mimi niliandika Jeolla Kusini, mkoa ulipo Mokpo, kwasababu niliangalia ramani nikaona bahari, na nikapata ile ile. Shule mbili za msingi, moja mjini siku nne, nyingine kisiwani kila Jumatano, unapanda feri asubuhi.

Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa migumu na sitaki mtu akudanganye. Unakaa chumba kimoja kidogo, wenyewe wanaita wonrum, sakafu ndio inapashwa moto kwa maji yanayopita chini, hiyo ni raha, baridi ya kule ukitoka hapa Minnesota huioni kitu. Lakini mpaka kitoke kile kitambulisho cha mgeni huna simu ya mkataba, benki ni shida, intaneti ya nyumbani huna. Taka nazo, kuna mifuko maalum ya kununua dukani, mabaki ya chakula kivyake, plastiki kivyake, na mimi wiki ya pili nilirudishiwa mfuko wangu mlangoni na karatasi imebandikwa juu siwezi kuisoma. Nikakaa chini nikalia, kwa ajili ya mfuko wa taka, kumbe ni kwamba nilikuwa sijaongea na mtu siku tatu mfululizo nje ya darasa. Seoul ningepata Wamarekani wenzangu siku ya kwanza na huo upweke ningeufunika nao. Mokpo ilibidi nijifunze kusoma. Zile herufi za hangul ni ishirini na nne, utazijua kwa wiki moja ukikaza, na ukishazijua mji mzima unaanza kukuongelesha, mabango, menyu, ile karatasi ya kwenye mfuko wa taka.

Na hapo ndipo nilipogundua kitu, na hiki ndicho kilichonileta mbele yenu leo.

Kulikuwa na mtoto darasa la tano, nitamwita kijana wa dirishani manake hapo ndipo alipokaa, hakuwahi kufungua mdomo kipindi cha Kiingereza. Siku moja nikamwomba asome neno "milk" akasema "milku", darasa likacheka, akainama mpaka paji la uso likagusa dawati. Mwalimu mwenzangu Mkorea akamsahihisha, sema milk, milk, isiwe milku. Mimi nikasimama pale moyo unanidunda, kwasababu nilijiona mimi mwenyewe, gredi ya sita, shule moja hapa hapa mjini, nasoma kwa sauti na wenzangu wanacheka. Sisi Waswahili hatupendi neno liishie kwenye konsonanti, si ndio? Tunaliwekea irabu lipumue. Na Wakorea, kwa konsonanti nyingi za mwisho za Kiingereza, vile vile!

Nikachora ubaoni mistari mitatu. Wa kwanza Kiingereza, wa pili Kikorea, wa tatu nikaacha wazi. Nikaandika "bus", wao wakasema bosu. Nikaandika "card", wakasema kadu. "Christmas", wakasema kurisumasu. "Taxi", teksi. Alafu nikaenda mstari wa tatu nikaandika basi, kadi, Krismasi, teksi, nikawaambia hii ni lugha ya mama yangu. Wakanyamaza kidogo. Yule wa dirishani akainua kichwa, akaangalia ubao, akasema taratibu, "teksi, teksi," akaonyesha kidole huku na huku, ya kwao na ya kwetu. Ni neno moja! Kuanzia siku hiyo kila kipindi wanaleta maneno, mwalimu hili kwa Kiswahili inakuwaje, na mimi nawaambia oneni, ile irabu mnayoongeza ni lugha yenu inafanya kazi yake vizuri, sasa kwa Kiingereza tunaibana kidogo hivi, weka ulimi hapa, funga. Yule mtoto aliibana. Sio siku hiyo, ilichukua mpaka karibu Desemba, lakini aliibana, na alipofika mwisho wa mwaka alikuwa anasoma mbele ya darasa.

Mwalimu aliyekulia na Kiingereza pekee hawezi kukiona hiki, si kwa ubaya wake, hakipo kwake. Wewe kipo.

Na mengine ni hivyo hivyo. Kule mwalimu haitwi jina lake, anaitwa seonsaengnim, yaani mwalimu, basi, kama sisi tunavyomwita mtu mwalimu hata akishastaafu. Wenzangu niliofika nao walilalamika hawaitwi majina yao, mimi nilijisikia niko nyumbani. Mkubwa unampa kitu kwa mikono miwili ama mkono wa kulia umeushika na wa kushoto, unainama, unamsalimia wewe kwanza. Nani hapa hajafundishwa hivyo na nyanyake? Lugha yenyewe ina kauli ya kumwambia mkubwa na kauli ya kumwambia mwenzio, ukikosea wanakusamehe kwasababu wewe mgeni, lakini ukipatia uso wa mzee unafunguka kama dirisha. Mama muuza sokoni humwiti "dada" wala "madam", unamwita imo, na imo ni mama mdogo, dada yake mamako. Bibi ni halmoni. Na mtu anayekaa peke yake kabisa anasema uri jip, nyumba yetu, kwetu, hasemi nyumba yangu. Niliposikia hiyo nikacheka kwa furaha, manake tangu nifike Marekani nimekuwa nikisahihishwa nikisema "our house" na naishi peke yangu.

Mama mdogo wangu wa sokoni alikuwa anauza nakji. Ni pweza, lakini wembamba, mikono kama uzi, wanaishi kwenye matope ya bahari wakati maji yamekupwa. Pwani ya kule maji yakipwa yanakwenda mbali mno, yanabaki matope ya kijivu yanayong'aa, getbol wanayaita, na mwaka 2021 UNESCO waliyaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Siku ya kwanza alinishika mkono akaniwekea pweza hai juu ya kiganja, akangoja nipige kelele. Sikupiga. Nilimgeuza, nikamshika kichwa vile shangazi zangu wanavyomshika wakati wa bamvua, maji yakikupwa, akaniangalia, akaita wenzake wa meza za pembeni. Wakaja watatu, wamevaa zile glavu za mpira za rangi ya waridi. Nikawaambia kwa Kikorea changu kibovu, kijijini kwetu, bahari, mama zetu, kijiti, shimo, na nikawaonyesha kwa mkono unavyochokoa. Wakaelewa kila kitu. Tangu siku hiyo sikununua pweza Mokpo, nilikuwa napewa.

Chakula kwa wenzangu Waislamu: nguruwe yuko kila mahali, hata ndani ya mchuzi usioudhania. Nilimwandikia mpishi wa shule barua fupi, mwenzangu akanisaidia kuitafsiri, na tangu hapo siku za nguruwe nilikuwa nawekewa samaki ama yai kwenye ile sinia ya chuma, kimya kimya, bila mtu kuuliza. Pombe kwenye chakula cha jioni cha walimu unakataa kwa heshima, unashika glasi yako ya maji kwa mikono miwili mkubwa anapogonga nayo, wanaelewa. Kuna samaki taa waliyemvundika, hongeo, harufu yake inapanda puani kama amonia. Kaonjeni kidogo. Kwa mtu aliyekula ng'onda na papa mkavu haliwi jambo geni sana.

Watoto watakugusa ngozi, watakugusa nywele. Wa kisiwani walikuwa hawajawahi kumwona mtu mweusi ila kwenye televisheni. Mtoto wa miaka saba mwache aguse, mfundishe kuuliza kwanza. Mtu mzima anayebadilisha kiti kwenye basi ni kitu kingine na inauma, na sina dawa yake zaidi ya kuwaambia kwamba Mokpo ilinitokea mara chache na baada ya mwaka wa kwanza hainitokei tena kwenye basi langu la kila siku, kwasababu dereva ananijua, abiria wananijua, mimi ni mwalimu wa watoto wao. Hiyo ndio faida ya mji mdogo na ndio maana naisisitiza. Seoul kila siku wewe ni mgeni mpya.

Sasa ile shule ya kisiwani. Korea watoto wanakwisha, ndugu zangu. Mwaka 2023 kiwango cha uzazi kilishuka mpaka 0.72, yaani wanawake wawili kwa pamoja hawafikishi watoto wawili, na vijijini na visiwani ndiko kunakoumia zaidi. Darasa langu la sita kisiwani lilikuwa na wanafunzi wawili. Wawili! Nilikuwa na jukwaa, piano, televisheni kubwa ukutani, na watoto wawili. Mtoto wa kule akikosa wewe kuja Jumatano hana mwingine wa kuongea naye Kiingereza, wakati mtoto wa Seoul wazazi wake wanalipia hagwon mbili. Kwa hiyo ukiniuliza unahitajika wapi, jibu unalo.

Kuna jumba la makumbusho ya bahari Mokpo, nendeni. Ndani kuna mabaki ya jahazi lililotoka China mwaka 1323 likielekea Japani, likazama kwenye visiwa vya Sinan hapo hapo, na wavuvi ndio walioanza kuvua vyombo vyake miaka ya sabini. Wametoa vyombo vya kauri zaidi ya elfu ishirini. Nilisimama mbele ya bakuli moja la kijani, lile la rangi ya maji ya bahari ya asubuhi, nikakumbuka vigae vya magofu ya Gede, kule karibu na Malindi, tulivyopelekwa kuvitazama na mwalimu wangu wa darasa la nne, kijani kile kile, kutoka China ile ile. Wanafunzi wangu waliniuliza kwanini mwalimu amesimama hapo muda mrefu. Nikawaambia kwetu pia vilifika.

Jambo la mwisho naliona gumu kulisema lakini nitalisema. Tarehe 16 Aprili 2014 feri inaitwa Sewol ilizama kusini mwa pale, wakafa watu 304, wengi wao wanafunzi wa sekondari moja waliokuwa kwenye safari ya shule. Machi 2017 nikiwa Mokpo waliiibua, wakaileta bandari mpya ya Mokpo. Chuma kizima kimelala ubavu, kutu tupu. Uzio wa bandari ukajaa riboni za njano, maelfu. Naibu wa mwalimu mkuu wetu, mzee mkali ambaye mwaka mzima hakuwahi kuniambia zaidi ya habari za asubuhi, alinichukua Jumamosi moja na gari lake tukaenda. Alisimama akashika uzio kwa mikono miwili. Hakusema kitu. Mimi nikamwambia, kwa maneno machache niliyokuwa nayo, kwamba kwetu Mombasa kuna feri ya Mtongwe, 1994, mwezi wa nne pia, asubuhi watu wanaenda kazini, wamekufa zaidi ya 250, binamu yake mamangu alikuwemo, mimi nilikuwa na miaka miwili. Akageuka akaniangalia. Akauliza, jina lake nani? Nikamwambia. Akalirudia taratibu, akakosea, akalirudia tena mpaka akalipatia. Alafu akafungua gari akatoa riboni mbili, moja akanipa.

Tulirudi bila kuongea, na Jumatatu alinisalimia yeye kwanza.

Haya, wale wanaotaka kwenda. Maombi ya muhula wa Agosti yanafunguliwa kama Februari, kwa hiyo alama za vidole za FBI anzeni mapema, zikishatoka zinaenda Washington kupigwa apostille, ule muhuri wa kuthibitisha hati ikubalike nchi nyingine, na hiyo inachukua muda kuliko mnavyofikiria. Nakala ya digrii inathibitishwa na inapigwa apostille hapa jimboni. Kama hukusomea ualimu tafuta cheti cha TEFL, cha kufundisha Kiingereza kwa wageni, cha masaa 100. Mimi nilianza na won milioni 2 kwa mwezi, nyumba unapewa, masaa 22 darasani kwa wiki. Raia wa Marekani chukueni fomu 6166 ya IRS, miaka miwili mnasamehewa kodi ya mapato ya Korea, na ukimaliza na kuondoka unarudishiwa pensheni yako, wakati wangu ilikuwa asilimia 4.5 unayokatwa na nyingine kama hiyo kutoka kwa mwajiri. Ukienda hagwon soma mkataba ukiwa na mtu anayejua, kiinua mgongo ni mpaka utimize mwaka na kuna wenye shule wanaowafukuza walimu mwezi wa kumi na moja wa mkataba.

Nimechapisha hayo yote kwa Kiswahili, karatasi ziko pale mezani karibu na birika la chai. Na ile riboni nimekuja nayo, iko kwenye pochi, anayetaka kuiona aje.